Je, Gharama za Posta Zikipanda, Huduma Ibadilishwe?

Muhula huu Chama cha Mdahalo cha shule yetu kilijadili hoja isemayo: "Kwa kuwa gharama za kupeleka barua zinapanda, yafaa nchi iibadili huduma yake ya Posta." Mimi nilisimama upande wa kupinga, na upande wetu ulishindwa kwa kura. Sina kinyongo na waliotushinda, maana walisema vizuri. Lakini kengele ililia kabla sijamaliza maneno yangu, na tangu siku ile nimesoma na kuuliza watu zaidi, nikagundua kwamba hata mimi nilikosea jambo moja. Basi namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi hii, nipate kulieleza jambo hili taratibu kuliko nilivyolieleza jukwaani.

Huenda msomaji akauliza: Mtoto wa miaka kumi na saba ana shughuli gani na Posta siku hizi, na simu zimejaa kila nyumba? Jibu langu ni kisa kilichotupata nyumbani.

CHETI KILICHOPOTEA

Kwetu ni Pangani. Mwaka 2024 dada yangu alipata nafasi katika chuo kimoja huko Iringa. Alipofika akaambiwa aonyeshe cheti chake cha kuzaliwa, si picha yake katika simu, bali cheti chenyewe. Cheti kilikuwa kimesahauliwa nyumbani sandukuni. Baba alisafiri mpaka Tanga mjini, akatia cheti ndani ya bahasha, akaandika juu yake jina la dada na namba yake ya simu, akampa kondakta wa basi pamoja na shilingi elfu tano. Hakupewa risiti, wala hakuiomba, kwani ndivyo watu wote wanavyofanya.

Basi lile lilikuwa likiishia Morogoro, na bahasha ilipaswa kuhamishiwa gari jingine liendalo Iringa. Dada alikwenda stendi siku tatu. Kondakta wa kwanza alisema alikwisha kuitoa. Wa pili akasema hakupewa. Hapakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ni nani mkweli. Cheti hakikuonekana tena. Baba alilazimika kufuatilia nakala mpya, jambo lililomgharimu safari na siku za kazi, na dada akaomba chuo kimwongezee muda huku akilala kwa rafiki yake, kwa kuwa hakuwa amesajiliwa bado.

Nakala mpya ilipopatikana, Baba hakwenda stendi. Alikwenda Posta, akaituma kwa rejesta. Karani akampa risiti yenye namba, akamwambia, "Itunze hii, Mzee. Bahasha ikichelewa, njoo nayo hapa." Nataka niseme kweli: bahasha ile ilichukua siku nyingi kuliko basi. Lakini ilifika, na dada akaitia sahihi.

Baba alipotusimulia, alicheka kidogo akasema, "Mwanangu, zamani barua haikuwa ikiuma mfukoni namna hii." Neno lile ndilo lililonifanya nitafute kwa nini barua ina bei, na kwa nini bei hiyo hupanda.

KWA NINI STEMPU HUWA GHALI

Watu wengi hudhani kwamba bei hupanda kwa sababu mafuta ya gari yamepanda. Hiyo ni sababu moja, tena ya kweli, lakini siyo kubwa kuliko zote. Tufanye hesabu ndogo. Namba nitakazotumia ni za mfano tu, ili tuelewe.

Tuseme gari la Posta likitoka Tanga kuja hapa Maramba na kurudi hugharimu shilingi 60,000, yaani mafuta, dereva na matengenezo. Likibeba barua 300, kila barua inabeba shilingi 200 za safari ile. Sasa watu wameacha kuandika, na siku hizi gari linabeba barua 30 tu. Mafuta ni yale yale, dereva ni yule yule, na barabara haijafupika. Lakini kila barua sasa inabeba shilingi 2,000. Bei imepanda mara kumi, na hakuna aliyefanya ulafi.

Je, Posta ikitoza hizo shilingi 2,000, itaokoka? La. Baadhi ya wale thelathini watasema ni ghali mno, nao wataacha. Wakibaki kumi, kila barua itabeba shilingi 6,000. Kwa hiyo kupandisha bei peke yake ni sawa na kutia maji katika pakacha: kadiri unavyomimina ndivyo yanavyotoka.

Lakini hesabu hiyo hiyo inatuonyesha milango miwili. Mlango wa kwanza ni siku. Gari likija siku tano kwa wiki na barua 30 kila siku, barua ni 150 na gharama ni shilingi 300,000. Likija siku mbili tu na barua zile zile 150, gharama ni shilingi 120,000, na kila barua inabeba shilingi 800 badala ya 2,000. Mlango wa pili ni mzigo. Kama katika safari moja gari litabeba pia vifurushi 20 vinavyolipa shilingi 2,500 kila kimoja, basi shilingi 50,000 zimekwisha kupatikana, na barua 30 zinabakiwa na shilingi 10,000 tu za kugawana, yaani kama shilingi 333 kila moja. Kumbe kifurushi kinaweza kuibeba barua mgongoni.

FUNDISHO LA ZAMANI

Zamani katika nchi ya Uingereza barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, tena kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Barua kutoka London kwenda Edinburgh ilizidi shilingi moja ya huko, na kwa maskini hiyo ilikuwa fedha nyingi. Basi watu walifanya werevu: waliweka alama juu ya barua, mpokeaji akaitazama, akajua kwamba nyumbani ni salama, kisha akakataa kuipokea. Ni kama tunavyobipu simu leo ili tusikatwe fedha.

Mwaka 1837 bwana mmoja, Rowland Hill, alitoa kijitabu chenye hesabu iliyowashangaza wengi. Alionyesha kwamba gharama ya kuisafirisha barua moja kutoka London mpaka Edinburgh ilikuwa sehemu moja tu ya 36 ya peni moja. Gharama kubwa haikuwa katika njia, bali katika kuipokea, kuiandika, kuipanga na kudai malipo mlangoni. Kwa hiyo akashauri kwamba mwandikaji alipe kabla, kwa bei moja, iwe barua inakwenda karibu au mbali. Tarehe 10 Januari 1840 bei ya peni moja ilianza kwa nchi nzima, na mwezi wa Mei stempu ya kwanza ya kubandika ikatumika. Mwaka 1839 zilipelekwa barua kama milioni 76. Mwaka 1840 zikawa zaidi ya mara mbili yake.

Wenzangu katika mdahalo walisema, "Basi Posta yetu ipunguze bei kama Hill, na barua zitaongezeka." Sikubaliani nao. Hata huko faida ilishuka kwanza, ikachukua miaka mingi kurudi. Tena Hill hakuwa na mshindani. Leo hata stempu ikiwa bure, kijana hataandika barua kumwambia rafiki yake jambo ambalo simu hulifikisha dakika hii. Fundisho la kudumu la Hill ni kwamba bei moja inaifanya nchi kuwa nyumba moja. Mtu wa Maramba na mtu wa Dar es Salaam wanabandika stempu ya thamani moja. Aliye mbali haadhibiwi kwa kuwa mbali.

POSTA YETU ILIVYOKUWA NA ILIVYO

Kabla ya magari, barua za nchi yetu zilichukuliwa na matarishi kwa miguu. Wajerumani walifungua ofisi za posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na mwaka 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka hapo Tanga kuelekea bara. Katika enzi ya Waingereza, kuanzia mwaka 1933, posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, ndiyo maana wazee wenye stempu za kale wana zenye majina ya nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi yetu ikaunda Shirika la Posta na Simu Tanzania.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Posta na simu zilikuwa nyumba moja, na fedha za simu ziliweza kuisaidia barua. Kwa sheria za mwaka 1993 nyumba ile ikagawanywa, na tangu mwanzo wa mwaka 1994 Shirika la Posta Tanzania likasimama peke yake. Miaka michache baadaye simu za mkononi zikaenea. Yule ndugu aliyeweza kumsaidia mwenziwe akawa ndiye anayemnyang'anya wateja.

Jambo la pili ni sanduku. Katika nchi nyingi za Ulaya mtu wa posta hupita mlango kwa mlango. Kwetu kwa muda mrefu barua imeishia katika Sanduku la Posta, na mwenyewe huifuata. Barua zetu hapa shuleni huja kwa S.L.P. ya shule, na karani wa shule ndiye anayezileta. Maana yake ni kwamba ile hatua ya mwisho, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, sisi wananchi tunaifanya kwa miguu yetu wenyewe. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Posta yetu inatuendekeza. Hatuna postamani wa kila siku wa kumpunguza.

Posta yenyewe haikulala. Ina huduma ya EMS kwa vitu vya haraka. Katika baadhi ya ofisi zake pamefunguliwa vituo vya Huduma Pamoja, ambapo mwananchi hupata huduma za taasisi mbalimbali za serikali chini ya paa moja. Na mwaka 2022 nchi ilifanya kazi kubwa ya Anwani za Makazi, kutaja mitaa na kupa nyumba namba, ili kitu kiweze kumfikia mtu mlangoni pake.

WENGINE WAMEFANYA NINI

Shida hii si yetu peke yetu. Nitataja nchi mbili zilizochagua njia mbili tofauti.

Ya kwanza ni Denmark. Huko watu walihamia katika mambo ya kompyuta mapema, na barua zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000. Sheria mpya iliyoanza mwaka 2024 iliondoa ule wajibu wa zamani wa kupeleka barua kila mahali, na bei ya stempu ikapanda sana. Mwisho wake, tarehe 30 Desemba 2025 shirika la PostNord lilipeleka barua zake za mwisho katika nchi hiyo, na masanduku mekundu ya njiani yakaondolewa. Shirika lilibaki na vifurushi, na anayetaka kutuma barua anategemea kampuni binafsi.

Ya pili ni Uingereza. Stempu ya daraja la kwanza ilikuwa peni 76 mwaka 2020. Kufikia Aprili 2025 ilikuwa pauni 1 na peni 70. Hata hivyo wajibu haukufutwa. Kilichobadilishwa ni siku: tangu Julai 2025 Royal Mail iliruhusiwa kupeleka barua za daraja la pili siku moja na kuruka nyingine, bila Jumamosi. Lakini bei moja kwa nchi nzima imebaki, hata kwa wakaao visiwani mbali.

Njia ya Denmark inawafaa watu ambao karibu wote wana kompyuta na ambao serikali yao huwaandikia humo. Kwetu sisi haijawa hivyo. Simu hubeba maneno, picha na fedha, haibebi kitu. Haibebi cheti, wala kitabu, wala miwani ya bibi. Haibebi kilo ya iliki ya mkulima wa milima yetu hii ya Usambara Mashariki anayetaka kumfikia mnunuzi wa Mwanza. Na kuna watu wasio na simu kabisa, nasi wa bweni tumo, maana haturuhusiwi kuwa nazo shuleni.

MAONI YANGU

Sasa niseme pale nilipokosea. Jukwaani nilisema huduma isibadilishwe hata kidogo. Hilo si kweli, na hesabu ya juu imenikana. Gharama zikipanda, zipo sehemu za huduma ambazo zaweza kubadilika, na ipo sehemu moja ambayo haifai kuguswa.

Zinazoweza kubadilika ni siku, gari na mikono. Barua ikija Maramba mara mbili kwa wiki badala ya mara tano, hakuna atakayekufa, mradi siku zenyewe zijulikane na zisivunjwe. Gari nalo si lazima liwe la Posta. Mabasi yanapita Mabokweni kuja huku kila siku. Posta yaweza kuyapa mfuko uliofungwa kwa lakiri, kwa mkataba na risiti, na likipotea jambo Posta ndiyo ijibu. Hapo tungepata mwendo wa basi na dhamana ya Posta kwa pamoja. Na mikono yaweza kuwa ya wakala: duka la kijiji, ofisi ya kata, hata shule.

Kisichofaa kuguswa ni ahadi, nayo ina vipande viwili: kwamba barua ya kawaida ina bei moja nchi nzima, na kwamba kila iliyoandikishwa ina mtu wa kuulizwa. Ahadi hiyo ikivunjwa, tutakuwa na huduma ya mijini tu, maana mfanyabiashara huenda penye faida, naye hana kosa. Ndiyo kazi yake. Lakini nchi si duka.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Na fedha ya kulipia vituo visivyo na faida itoke wapi?" Ni swali zuri. Nadhani itoke mahali pawili. Kwanza, vifurushi na huduma nyingine dirishani, kama tulivyoona katika hesabu. Pili, umma wenyewe, lakini kwa uwazi: serikali itaje kituo hiki kinapewa kiasi gani na kwa huduma ipi. Jambo hili si geni. Tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili mawasiliano yafike hata pale ambapo biashara peke yake isingefika. Ikiwa tunakubali kusaidia mnara wa simu usimame kijijini, kwa nini tuone haya kusaidia mfuko wa barua ufike kijiji hicho hicho?

Najua pia lawama dhidi ya Posta si za uongo wote. Barua huchelewa, na mara nyingine mtu hukuta dirisha limefungwa. Lakini dawa ya mfereji unaovuja ni kuuziba, si kuwaambia watu wa mwisho wa mfereji wasinywe maji.

WAJIBU WETU

Kwa wazazi: karatasi isiyo na mfano wake, kama cheti au hati ya shamba, msiipe gari bila risiti. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na Baba yangu amelilipia neno hilo mara mbili.

Kwa walimu: naomba somo la kuandika barua lisiishie daftarini. Kila mwanafunzi na aandike bahasha ya kweli, yenye jina kamili, S.L.P. na mji, pamoja na anwani ya mtumaji nyuma, maana nimeambiwa na karani wa shule kwamba barua nyingi hukwama kwa sababu ya anwani mbovu.

Kwa wanafunzi wenzangu: tuandike barua moja nyumbani kila muhula. Hatutaiokoa Posta kwa stempu zetu chache, hilo najua. Lakini hatuwezi kuidai huduma ambayo wenyewe hatuitumii. Mimi nilimwandikia Bibi muhula uliopita. Hajui kusoma vizuri. Ndugu yangu mdogo alimsomea. Nilipokwenda likizo niliikuta barua ile imekunjwa ndani ya kibweta chake, pamoja na kadi yake ya kliniki na risiti ya Baba ya rejesta ile.

Basi mdahalo ukirudiwa, nitasimama tena, lakini kwa hoja iliyotengenezwa vizuri zaidi: gharama zikipanda, tubadili namna ya kupeleka barua, tusibadili nani wa kupelekewa.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne